Walituambia Nchi Imekua

Watoto wale wawili waliletwa asubuhi, mwezi wa kwanza, wakati watu wa Bungoma wameshapukuchua mahindi na kuyaingiza ndani. Msichana alikuwa na miaka kama sita, na mdogo wake wa kiume mitatu. Mama yao alikuwa amepanda nao bodaboda kutoka upande wa Sirisia, mmoja mgongoni, mwingine mapajani, na aliposhuka mguu wake mmoja haukuwa na kiatu. Watoto walikuwa wametapika hadi hakuna kilichobaki cha kutapika. Mikono yao ilikuwa baridi, na walikuwa wanapumua kwa haraka kama waliokimbizwa.

Mimi ni afisa wa kliniki. Wagonjwa huniita daktari, na nimeshaacha kuwasahihisha. Siku hiyo wodi ya watoto ya ile hospitali ndogo nilikokuwa nikifanya kazi ilikuwa na mimi na nesi mmoja tu. Tulifanya tulichofundishwa: dripu, oksijeni, kipimo cha malaria. Malaria haikuwepo. Nikaandika "sumu ya chakula" kwa sababu lazima uandike kitu.

"Mama, jana walikula nini?"

"Ugali na mboga. Sisi wote tumekula, daktari. Hata mimi nimekula."

Nilipomwinamia yule mdogo kusikiliza kifua, pumzi yake ilinipiga usoni. Ilikuwa na harufu kama ya kitunguu saumu.

"Mlipikia kitunguu saumu?"

"Hiyo mimi hata sinunuangi."

Yule mdogo alikufa kabla ya saa sita mchana. Dada yake alipona, sijui kwa nini yeye na si mdogo wake. Baadaye, mama alipokuwa ameketi kwenye benchi la nje akingoja shemeji zake waje na gari la kubeba maiti, niliketi karibu naye na kumwuliza swali ambalo ningepaswa kuuliza asubuhi.

"Hawa watoto wanalalanga wapi?"

"Kwa ile chumba ya magunia. Tuko na chumba mbili tu, daktari. Na ukiacha mahindi nje, wezi wanabeba. Jana baba yao aliweka dawa, ndio mdudu isikule."

Dawa ya mahindi. Kila mtu kwetu anaijua. Ni vidonge vya kijivu, vinafungwa kwenye kitambaa na kuchomekwa kati ya magunia. Vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, na gesi hiyo hunuka kama kitunguu saumu, tena ni nzito, inashuka na kutambaa sakafuni. Godoro la watoto lilikuwa sakafuni. Baba yao alikuwa amevinunua sokoni vikiwa vimekunjwa kwenye kipande cha gazeti, bila mkebe wala maandishi ya onyo, kama mtu anayenunua ugoro. Mimi mwenyewe nimekulia karibu na Myanga, baba yangu aliweka dawa hiyo kila mwaka, na hakuna aliyewahi kutuambia. Sisi tuliokolewa na ghala tu. Enzi hizo boma lilikuwa na ghala, pembeni, mbali na nyumba.

Jioni hiyo nilimpigia simu rafiki yangu wa Kitale. Tulisoma chuo kimoja. Yeye ni mtu wa jamii zilizotoka Mkoa wa Kati na kupewa mashamba Trans-Nzoia babu zetu wakiwa hai, na tangu tumalize chuo amekuwa akifanya kazi katika wodi ya watoto huko huko. Nilimweleza kuhusu harufu ile. Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Uko?"

"Niko. Mwaka jana nilikuwa na mmoja hivyo," akasema. "Tuliandika nimonia."

Hapo ndipo makala yetu ya utafiti ilipoanzia. Tuliomba kibali cha kamati ya maadili, tukangoja, tukakipata, kisha tukaanza kufukua mafaili ya hospitali zetu mbili. Tulitafuta watoto waliofika baada ya mavuno wakitapika, baridi, wakipumua vibaya, bila malaria. Tulipowapata wazazi wao tuliwauliza swali moja: mtoto alilala wapi? Jibu lilikuwa lile lile mara nyingi mno hata nikawa naogopa kuuliza. Baba mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo ni mimi?" Nilimwambia si yeye. Ningemwambia nini?

Jumamosi nilikuwa naenda Kitale, tunafanyia kazi mezani kwa mama yake rafiki yangu. Mama yule alikuwa anatuletea chai na viazi vitamu na kutazama karatasi zetu bila kusema kitu. Siku moja akasema, "Shamba la mzee lilikuwa na stoa ya mabati, kubwa kuliko nyumba. Sasa tumegawa mara nne. Kila mtu ana kipande, na stoa hakuna."

Kuandika penyewe kulikuwa mateso. Huwezi kuandika makala ya kitabibu bila kusoma za wenzako, na za wenzako zimefungiwa. Unabonyeza, ukurasa unakuonyesha aya moja, halafu unakuambia ulipe kwa dola. Zamani chuo chetu kilikuwa na njia ya kusoma majarida hayo bure. Rafiki yangu alipomwuliza mkutubi, mkutubi alisema njia hiyo imekuwa ya kulipia siku hizi, na chuo hakijalipa. Hatukumwuliza kwa nini imebadilika. Tulimwandikia mwenzetu aliyehamia ng'ambo, akawa anatutumia moja moja kwenye simu, kama mtu anayepenyeza sigara gerezani.

Tulituma makala yetu kwa jarida kubwa la nje. Wahakiki wawili waliisoma. Mmoja alitusumbua kwa maswali ya haki. Wa pili aliandika kwamba jambo hili linafaa kujulikana haraka. Tulirekebisha, tukarudisha, na siku moja barua pepe ikaja ikisema makala imekubaliwa. Nilisoma nikiwa nimesimama dirishani wodini, nikapiga kelele, nesi akadhani nimepata habari ya msiba.

Siku tatu baadaye ikaja ankara.

Sasa nieleze, maana watu wengi hudhani mwandishi wa makala ya utafiti hulipwa. Majarida ambayo kila mtu anaweza kuyasoma bure humtoza mwandishi ada. Waandishi wa nchi maskini husamehewa. Sisi tulikuwa tumeweka alama kwenye kisanduku cha kuomba msamaha, bila wasiwasi wowote, kwa sababu kama sisi si maskini basi maskini ni nani? Jibu likaja kwa upole mkubwa. Walitupongeza kwa kazi nzuri. Kisha wakasema nchi yetu haimo tena kwenye orodha ya wanaosamehewa. Uchumi wake umekua, imepandishwa kundi, na kundi hilo jipya linastahili punguzo la nusu.

Nusu hiyo ilikuwa mshahara wangu wa miezi mitatu, kabla ya makato.

Nilimpigia rafiki yangu.

"Ati nchi imekua?" akasema.

"Imekua, bana."

"Imekulia wapi?"

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana, kisha kicheko kikaisha ghafla, na hasira ikaniingia mwilini, na sijui kama imewahi kutoka. Kwa sababu nilijua imekulia wapi. Wanapopima uchumi wa nchi hii wanapima na mahindi. Wanahesabu magunia ya Trans-Nzoia na ya Bungoma, na yale magunia yaliyokuwa chumbani pamoja na mtoto wa Sirisia yamo kwenye hesabu hiyo. Tumekua kwa mahindi yaliyomuua. Halafu kwa sababu tumekua, tunaambiwa tulipe ili tuseme kwamba yamemuua.

Nilimjibu mhariri. Nilimweleza kwamba wodi yangu ina mtungi mmoja wa oksijeni unaozunguka vitanda vyote. Nilimweleza kuhusu nyumba za vyumba viwili. Alinijibu baada ya wiki, kwa upole ule ule, na kunitumia orodha ya mataifa ya kundi hilo jipya. Niliifungua. Nchi yetu ilikuwa pale, kama jina la mwanafunzi kwenye karatasi ya matokeo ukutani. Tumepandishwa darasa, na vitabu hatujanunuliwa.

Nilijaribu kwetu pia. Hasira yangu si ya wageni peke yao. Nilimwendea mkuu wangu, akanituma kwenye ofisi moja ya serikali, na pale nikaketi siku mbili mbele ya mlango. Afisa aliyenipokea alikuwa mtu wa tabasamu. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ramani ya miradi: barabara, soko jipya, taa za mitaani.

"Dada, hii karatasi ikichapishwa, itasaidia nani?" akaniuliza.

"Watoto wanaolala na mahindi."

"Lakini hao hawasomi jarida."

"Wanaotunga sheria za kuuza sumu ndio wanasoma."

Akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Utafiti hauko kwa bajeti yetu. Tafuta mfadhili. Kuna wazungu wengi wanapenda hivi vitu."

Nilitoka pale nikitembea haraka hata nikapita njia ya kwenda stendi. Wakubwa wetu walikuwa wanajisifu kwamba tumekua. Hotuba zote zilisema tumekua. Lakini kukua kwenyewe hakukuwa na shilingi moja ya kuuliza kwa nini watoto wetu wanakufa. Wa nje walituambia tulipe wenyewe kwa sababu tuna serikali iliyokua. Serikali iliyokua ikatuambia tuwaombe wa nje. Sisi tulikuwa katikati na makala yetu mkononi.

Na mfadhili alikuja, kwa namna yake. Palikuwa na daktari kutoka nchi tajiri aliyekuwa akija kwetu kila mwaka kwa wiki kadhaa, mtu mwema, anayekumbuka majina ya watoto. Alisikia habari yetu kutoka kwa nesi. Aliniita kwenye kibaraza cha wodi na kunieleza kwamba chuo kikuu chake kina mapatano na wachapishaji wale. Akiwa yeye ndiye mwandishi mkuu, makala itapita bila mtu yeyote kulipa.

"Nitasoma yote, nitaongeza mchango wangu," alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Sitaki kuiba. Nataka itoke."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa mwizi ningejua pa kuelekeza hasira yangu.

Nilimwambia nitafikiri. Jumamosi nilikwenda Kitale, nikamweleza rafiki yangu, nikitarajia akasirike nami. Hakukasirika.

"Tukubali," akasema.

"Unasema nini?"

"Nasema tukubali. Hata leo. Mavuno yamekaribia."

"Mimi ndiye niliyemshika yule mtoto. Mimi na wewe tumezunguka boma kwa boma miaka miwili. Halafu dunia isome kwamba mtu mwingine ndiye aliyegundua?"

"Dunia isome chochote. Watu watajua hiyo dawa inaua."

"Na mwaka ujao? Na makala nyingine? Kila mara tutafute mtu wa nchi kubwa wa kuweka mbele?"

Aliweka kikombe chini. Mama yake alikuwa ameingia na sinia akasimama mlangoni.

"Nikuulize," rafiki yangu akasema. "Hii hasira yako ni ya nani? Ni ya wale watoto, ama ni ya jina lako?"

Nilikusanya karatasi zangu nikaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo katika nyumba ile ni tusi. Njia nzima hadi Bungoma nilikuwa nikitunga majibu. Nilikuwa na majibu mazuri. Ningemwambia kwamba vitu hivyo viwili havitengani, kwamba nchi isiyosema yenyewe kuhusu wafu wake itasemewa milele, na kitakachosemwa kitakuwa kile tu wageni walichoona katika wiki zao sita. Bado naamini hivyo. Lakini sikumpigia kumwambia, kwa sababu nilijua swali lake lilikuwa limegusa kitu cha kweli, na nilikionea aibu.

Hatukuzungumza kwa muda wa wiki saba au nane. Mahindi yakavunwa. Yakakauka juani kando ya barabara, kwenye maturubai, yakapukuchuliwa, yakaingia ndani. Kisha asubuhi moja nikiwa wodini ukaja ujumbe wake kwenye simu, neno moja: "Mwingine."

Nilimpigia. Alikuwa msichana, mwenye miaka minne. Rafiki yangu alikuwa analia, naye si mtu wa kulia. "Nilijua," alikuwa akirudia. "Safari hii nilijua nikimwona tu. Nilijua na sikuwa na la kufanya. Hii sumu haina dawa." Na haina kweli. Ukishaivuta, madaktari wanaweza tu kukusaidia upumue na kuomba moyo uvumilie.

Nilimwandikia yule daktari siku hiyo hiyo, nikamwambia aendelee.

Makala ilitoka baada ya miezi michache. Jina la yule daktari lilikuwa la kwanza, la rafiki yangu la pili, langu la tatu. Tulipanga hivyo sisi wenyewe, mimi na rafiki yangu, na nilimwacha anitangulie kwa sababu ya yale niliyomfanyia mbele ya mama yake. Chini ya majina kuliandikwa chuo kikuu cha yule daktari. Kwa hiyo wanapohesabu nchi gani imechapisha utafiti kiasi gani, watoto wa Sirisia na wa Kitale wanahesabiwa kule. Halafu mtaalamu fulani atachora mstari kuonyesha kwamba nchi tajiri ndizo zinazoandika sana juu ya magonjwa, na zile zinazopanda kama yetu zinajikokota, na atauliza kwa nini hatuandiki.

Tunaandika! Tunaandika kwenye mafaili ya hospitali, kwenye madaftari, nyuma ya kadi za kliniki. Kinachoandikwa kimejaa kabatini hadi panya wanazalia humo.

Mwaka uliofuata niliitwa kwenye mafunzo ya siku mbili Kitale, pamoja na wafanyakazi wa afya kutoka Bungoma, Trans-Nzoia na upande wa Mlima Elgon. Siku ya pili mkufunzi kutoka Nairobi alionyesha picha ukutani: magunia, godoro, vidonge. Akasema hatari hii imegunduliwa hivi karibuni, akataja jina la yule daktari wa nje, peke yake, na akatusihi tuwe tunawauliza wazazi mtoto alilala wapi.

Rafiki yangu alikuwa ameketi kando yangu. Alinishika mkono kabla sijasimama, lakini nilisimama.

"Hilo swali ni letu," nikasema. "Mimi na huyu dada hapa. Mtoto wa kwanza alikufa mikononi mwangu. Huyo daktari ni mtu mzuri na alitusaidia, lakini jina lake liko mbele kwa sababu tuliambiwa nchi yetu si maskini tena. Hilo nalo liandikwe kwenye picha zako."

Mtu nyuma alipiga makofi mara mbili kisha akaacha. Mkufunzi alisema asante kwa mchango huo, tutalizungumzia wakati wa chai, na akabonyeza picha iliyofuata.

Wakati wa chai hakuja. Aliyekuja ni nesi mmoja mzee, mwanamke mfupi aliyevaa sweta ya kijani, aliyekaribia kustaafu katika zahanati moja huko juu mlimani. Alisimama mbele yetu akikoroga chai yake kwa muda mrefu.

"Mimi hao watoto nimeona," akasema. "Kitambo. Hata kabla nyinyi mmalize shule. Niliandika tarehe na vile walikuwa wanapumua. Nilipeleka kwa mkubwa wangu wakati huo, akaniambia nesi haandikangi utafiti."

"Uliandika wapi, mama?" rafiki yangu akauliza.

"Kwa kitabu. Iko nyumbani."

Tulikwenda kwake wiki mbili baadaye. Kilikuwa daftari la jalada gumu, maandishi yake yamenyooka, ya miaka mingi. Tulisoma tukiwa tumeketi kwenye kochi lake, yeye akitukaangia mayai jikoni, na nilimwona rafiki yangu akifuta macho kwa nyuma ya kiganja. Kama mtu angemsikiliza mama yule wakati ule, sijui ni watoto wangapi. Sitaki kujua.

Sasa tunaandika makala nyingine, sisi watatu, na jina la nesi huyo ndilo la kwanza. Tumeamua kuipeleka kwenye jarida dogo la hapa nchini linaloendeshwa na wahadhiri wachache baada ya kazi zao. Halitozi kitu. Linachelewa mno, na wakubwa wa nje hawalioni wanapotafuta. Nilimweleza mama yule hivyo, ili asije akadhani tumemdanganya.

"Kwa hivyo hao wa nje hawatasoma?" akauliza.

"Pengine hawatasoma."

"Na hawa wetu wa Nairobi?"

Nilimwambia sijui. Akaguna, akavuta daftari lake karibu, na kutuonyesha ukurasa tulioruka.